Mwendo wa Mzee Fuawe

Asubuhi ya Jumatano, siku ya tatu baada ya kumzika Mzee Fuawe, farasi arobaini na mmoja wa kiwanja cha mbio walitoka bandani wakichechemea mguu wa kushoto wa nyuma. Mtunza farasi aliwatazama wakipita, akamaliza chai yake, kisha akaenda kumwita daktari wa mifugo.

Daktari alipapasa magoti, akabonyeza kwato, akanusa. Hakuna uvimbe, hakuna usaha. Akaandika "mzima" mara arobaini na moja, mpaka mkono ukamuuma. Walipokimbizwa, kasi yao ilikuwa ile ile. Basi akaitwa binti mkubwa wa marehemu, fundi wa kwato kama baba yake.

Baba huyo alivisha farasi viatu miaka thelathini na minne, na hakuna hata msumari wake mmoja uliogusa nyama. Kabla ya kushika nyundo alitaka mnyama atembezwe kwanza, yeye amefumba macho, anasikiliza. Nyumbani vivyo hivyo. Mtoto akiingia uani, aliambiwa bila kutazamwa, "Kisigino cha kulia kimelika, mwanangu. Vua, lete." Alisuka nywele za mabinti wanne kwa vidole vile vile vilivyokunja chuma, na mistari ilinyooka. Mkewe alipolazwa na mgongo mwaka mzima, kila asubuhi alimbeba mpaka juani, akichechemea, wala hakumtikisa.

Kuchechemea kwenyewe kulikuwa na asili yake. Bwana Mkubwa wa kiwanja alikuwa na wageni, akataka farasi mmoja mweusi avishwe viatu upesi. Mzee Fuawe akasema mnyama ana hofu, aachwe atulie.

"Wewe kazi yako misumari," alisema Bwana Mkubwa. "Kubembeleza kabembeleze kwako."

Mzee akashika kwato, na teke la farasi huyo likamvunja nyonga ya kushoto. Kwenye daftari la ajali, ukurasa wa sitini na tatu, iliandikwa: Fundi aliteleza kwa uzembe wake. Walioona walikuwa watu tisa. Wote tisa walikuwa na macho.

Binti alifika na tupa ya kusugulia kwato kiunoni. Akafumba macho.

"Watembezeni."

Wakatembezwa.

"Haya, daktari wa pili," alisema mtunza farasi. "Ugonjwa gani?"

"Hawaumwi. Huyo ni baba anatembea."

"Ndiyo maana! Nikasema mwendo huu naujua. Nikadhani mzee amesahau koleo, karudi kulichukua."

Bwana Mkubwa akashuka ofisini, akaamuru viatu vyote ving'olewe. Binti aling'oa viatu mia moja sitini na vinne, na pekupeku farasi wakachechemea vile vile.

"Sasa?" aliuliza Bwana Mkubwa.

"Lete daftari, ufute lile neno uzembe, uandike ulivyomwamuru."

"Nikiandika, wataacha?"

"Sijui. Wewe andika. Yule alikuwa baba yangu, na uzembe hakuujua hata kwa kusimuliwa."

Bwana Mkubwa aliwaza kidogo, kisha akaitisha kikao cha kamati. Kamati ilikaa siku mbili, ikatoa kanuni mpya: farasi anaruhusiwa kuchechemea mguu wa kushoto wa nyuma, mradi wachechemee wote.

Mambo yakaenda. Watazamaji walizoea kupiga makofi kwa mapigo hayo. Wanunuzi wa mbali wakaanza kukataa farasi anayetembea sawasawa, wakisema hajafundishwa. Langoni pakawekwa bango kubwa lenye picha ya Bwana Mkubwa na maandishi: Mwendo Wetu wa Kifahari, Ubunifu wa Mwenye Kiwanja.

Binti anavisha viatu pale pale. Kila Jumatano hupanda ofisini akaomba ukurasa wa sitini na tatu, na karani humfungulia bila kuuliza. Huusoma kwa sauti, herufi hata moja haijaguswa, kisha hutaja majina ya wale tisa, mmoja mmoja.

"Wiki ijayo tena, dada?" huuliza karani.

"Wiki ijayo," hujibu, na kushuka kazini, ambako farasi wa kwanza ameshaanza kuja, na mwendo wake unasikika tangu mbali.