Mzee wa Lifti

Fomu za maoni ya watazamaji zilikuwa mia moja na kumi na mbili, na mtayarishaji wa filamu alizileta mwenyewe mpaka chumba cha uhariri, kazikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Haikuwa kawaida yake kupanda ngazi zile. Akazibwaga mezani kwa Mkasi, kando ya kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akavuta pumzi.

"Soma," akasema. "Ukimaliza uniambie kama sisi si watu wenye bahati."

Mkasi halikuwa jina la kwenye cheti. Baba yake ndiye aliyelianzisha, siku binti alipomweleza kwamba kazi yake ni kukata vipande vya filamu na kuviunganisha. "Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nasomesha mkasi," baba akasema, na jina likamganda nyumbani na kazini.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mji wa miaka mia ijayo. Kila mkazi amepachikwa kijichuma nyuma ya sikio, kinachotunza kila alichokiona tangu utotoni, kwa hiyo polisi hawahoji mtu. Wanachomoa kijichuma, wanatazama, wanakamata. Halafu mhandisi aliyeubuni mtambo huo anauawa ghorofa ya thelathini, na vijichuma vya wapangaji wote vinakutwa vimefutwa. Anabaki shahidi mmoja tu, mzee mwendesha lifti, ambaye kwa ubishi wake alikataa katakata kutiwa chuma kichwani. Mpelelezi wa kike, mkali kama pilipili, inambidi afanye jambo ambalo hajalifanya maishani: kumwomba mtu akumbuke.

Mzee wa lifti aliigizwa na baba yake Mkasi.

Hakuwa mwigizaji. Aliendesha treni miaka thelathini na mmoja, akastaafu na saa ya ukutani na maumivu ya kiuno. Siku moja alimpelekea bintiye funguo alizosahau nyumbani, na mwongozaji wa filamu akamwona amesimama kwenye korido, kofia mkononi, anasoma tangazo la kuzima moto kwa makini kana kwamba ataulizwa. "Uso ule usipakwe kitu," mwongozaji akasema. Mzee alicheka, akadai wanamtania, akaenda zake nyumbani akanyoa ndevu mara mbili.

Maneno yake alijifunza sebuleni, mkewe akishona. Mama yake Mkasi alikuwa fundi cherehani, na kila mzee alipokwama yeye alimkumbusha bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Alitoka lifti ya tatu, saa kumi na moja na dakika nne, kofia mkononi, na hakuwa na haraka." Mpaka wiki inakwisha mama aliyajua maneno yote, ya mzee na ya mpelelezi.

Tukio moja hurekodiwa mara kadhaa, na kila mara huitwa teki. Tukio la lifti lilikuwa na teki tano. Ya kwanza mzee aliisema yote bila kigugumizi, kifua mbele. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne taa ilipasuka. Ya tano, mpelelezi alipomuuliza nani alitoka kwenye lifti, mzee alifungua mdomo na neno halikuja. Akatazama vitufe vya lifti. Akamtazama mpelelezi kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa upole, "Samahani, mwanangu, wewe ni nani vile?" Na mwigizaji, ambaye hakuwa mjinga, akabaki ndani ya uhusika wake akajibu kwamba yeye ni polisi. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama yako anajua uko hapa?"

Watu wote walipiga makofi. Mzee naye akacheka, lakini kwa kuchelewa, kama mtu aliyesikia kichekesho kwa lugha asiyoijua. Mkasi aliyaona hayo, maana alikuwapo, akajiambia baba kaongeza chumvi yake mwenyewe. Kwenye gari, wakirudi, baba akauliza walikuwa wametoka wapi.

Miezi miwili baadaye daktari aliwakalisha watatu kwenye viti vya plastiki akawaeleza jina la ugonjwa na jinsi unavyokula akili, kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Wakati huo Mkasi alikuwa ameshaipanga teki ya tano ndani ya filamu. Alirudi kazini siku ileile, akaifungua, akaitazama mara tatu. Alijua sasa anachokitazama. Akaiacha palepale, kwa sababu katika filamu nzima, pamoja na magari yake ya kuruka na mvua yake ya bluu, hapakuwa na kitu cha kweli kuliko hicho.

Ndipo wakawaita watu wa kawaida waitazame kwa majaribio na kujaza fomu.

Alizisoma zote mchana ule. Mmoja aliandika kwamba magari yanapaa lakini foleni ipo palepale, na hilo ameliamini. Mwingine alimjua muuaji dakika ya kumi na akaomba arudishiwe muda wake. Mwingine alisema mpelelezi ana uso wa mtu aliyemeza msumari. Mmoja hakuelewa mwisho, "ila mke wangu kaelewa, kwa hiyo sawa." Lakini waliobaki, fomu kwa fomu, walimwandika mzee wa lifti.

"Huyo babu kaniua mbavu."

"Aliyeigiza mzee apewe tuzo. Anasahau kama msahaulifu kweli."

"Mzee wa lifti kanikumbusha bibi yangu. Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi."

Mtayarishaji alirudi jioni akisugua viganja. "Tumrefushe," akasema. "Kuna kile kipande baada ya teki ya tano, kamera ilikuwa bado inazunguka. Anautafuta mlango wa kutokea, anajigonga kwenye ukuta wa mbao. Kiingize."

"Pale hakuwa anaigiza," Mkasi akasema.

"Ndiyo maana nakitaka." Alipoona uso wake akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Fikiri kwanza. Hatuna haraka."

Mkasi alizipeleka fomu nyumbani ili azihesabu vizuri, na kosa lake lilikuwa kuziacha juu ya meza ya kulia akaenda kumwogesha baba. Alipotoka bafuni, mama alikuwa amevaa miwani ya kushonea, fomu zimepangwa mbele yake mafungu mawili.

"Hawa wamecheka," mama akasema, akigusa fungu la kwanza. "Na hawa wamesikitika. Mimi nilidhani amesema yale niliyomfundisha."

"Mama, waliopenda ni wengi kuliko—"

"Wamependa nini?"

Mkasi akanyoosha mkono kuzikusanya fomu.

"Mimi namfunga vifungo asubuhi ili jirani asijue kwamba hawezi," mama akasema. Hakupaza sauti, hakuwahi kuipaza. "Nakaa karibu naye kanisani, sokoni, kila mahali, nimjibie kabla hajakosea. Aibu ya baba yako mimi ndimi nguo yake. Na wewe umemvua mbele za watu, halafu umewapa kalamu waandike walichokiona."

"Sikujua wakati wa kurekodi."

"Na ulipojua?"

Baba alitoka chumbani, nywele mbichi, shati limepishana vifungo. Akavuta kiti. "Mkasi," akasema kwa furaha, "filamu yangu inatoka lini?"

Swali hilo aliliuliza kila siku. Alikwisha kusahau jina la dada yake, njia ya dukani na matumizi ya kijiko, lakini filamu ilikuwa imeng'ang'ania kichwani mwake kama kupe. Alikuwa hata ametoa suti yake ya kustaafia, akaitundika mlangoni ili isije ikamchelewesha.

"Karibuni, baba," Mkasi akasema.

"Weka ile aliyosema vizuri," mama akamwambia baadaye, jikoni. "Ipo?"

"Ipo."

"Basi."

Akaiweka teki ya kwanza. Mtayarishaji alinung'unika lakini akakubali wajaribu, na wakawaita watazamaji wengine. Safari hii fomu zilikuja zimefungwa kwa mpira, zikaletwa na katibu.

"Sehemu ya lifti inachosha."

"Yule mzee anasema kama tangazo la kituo cha treni."

"Shahidi gani huyo anakumbuka mpaka dakika? Ondoeni."

Mkasi aliisoma ile ya kituo cha treni mara mbili. Akaigeuza ikatazama meza.

"Umeona," mtayarishaji akasema. "Turudishe ya tano."

"Siwezi."

"Basi hakuna tukio. Ama ya tano, ama mpelelezi apande lifti peke yake na habari tuisikie kwa mdomo wa mwenzake. Filamu ni ya watu wengi, Mkasi, si ya baba yako." Akasimama mlangoni. "Mkono ni wako. Chochote utakachokata, mimi nitasaini."

Ilimchukua nusu saa. Kukata ni kazi nyepesi, mtu habebi kitu. Alipomaliza, dakika nne za baba yake zilikuwa zimegeuka sentensi moja inayosemwa na polisi kijana akitembea: "Mwendesha lifti anasema jamaa alitoka na kofia mkononi." Akaihifadhi, akazima mashine, akakaa na mikono mapajani mpaka mfagizi akabisha hodi.

Nyumbani alimwambia mama kwamba hakuna atakayemcheka baba tena. Mama akamshukuru. Mkasi alikuwa na wiki tatu za kusema yaliyobaki na kila siku aliahirisha, kama mtu anayeogopa kung'oa jino.

Filamu ilianza kuonyeshwa Jumamosi mchana. Baba alivaa suti yake, mama akamfunga tai. Walikaa safu ya saba, mzee katikati. Taa zilipozimwa akashika mikono ya wote wawili.

Alitazama kwa utulivu kuliko walivyotarajia. Magari yaliporuka akatikisa kichwa kama fundi asiyeridhika na reli. Kisha likaja jengo refu, ukumbi wake wa mawe meusi, milango mitatu ya lifti. Mzee akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Sasa," akanong'ona. "Sasa ni mimi."

Mlango ukafunguka. Mpelelezi akaingia. Hapakuwa na mtu ndani. Akabonyeza kitufe mwenyewe, na lifti ikapanda. Polisi kijana akasema sentensi yake, na filamu ikaendelea na safari yake.

Mama aligeuza uso polepole akamtazama bintiye gizani. Mkasi hakugeuka, alihisi tu macho yale kwenye shavu, kama joto la pasi. Katikati yao mzee aliendelea kusubiri, mwili mbele, akiitazama kila lifti, kila mlango, kila mzee aliyepita nyuma ya wengine, mpaka majina ya watengenezaji yakaanza kupanda na watu wakasimama kutafuta mikoba yao.

"Nilikuwa mzuri?" akauliza.

Mkasi akamnyoosha tai. "Ulikuwa mzuri sana, baba."

Ukumbini nje watu walikuwa wakibishana kama kawaida ya watu waliotoka kutazama filamu: mmoja akisema mwisho umeharakishwa, mwingine akiapa kwamba muuaji hakuwa yule. Mzee akajiingiza katikati yao na suti yake, akampa mkono wa kwanza, wa pili. "Asante. Asanteni sana kwa kuja." Wakamtazama, wakatazamana. Mwanamke mmoja wa makamo akaielewa hali kwa haraka zaidi ya wenzake, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Hongera, mzee wangu. Tumefurahi." Mzee akainamisha kichwa. Mama alikuwa amekwisha kutangulia kwenye ngazi, amewapa mgongo, bega limeegemea ukuta.

Baba alipolala kwenye kochi nyumbani, viatu miguuni, ndipo mama akasema.

"Nilikuambia ubadilishe. Sikukuambia umfute."

"Walimkataa, mama. Alipokuwa mzima hawakumtaka. Walimtaka akiwa anapotea tu."

Mama akapiga magoti, akaanza kuzilegeza kamba za viatu vya mzee. Kamba moja ilikaza fundo, akahangaika nayo kwa kucha. "Bora wangecheka," akasema.

Asubuhi yake Mkasi alikunywa chai na baba, akisubiri swali. Baba alikula mkate, akafuta makombo, akatazama dirishani. Hakuuliza. Wala kesho yake, wala tena. Filamu ilikaa kwenye majumba ya sinema wiki kumi na moja na watu waliisifu sana. Mkasi hakusoma maoni hata moja. Kufikia wiki ya mwisho mzee alikuwa hatoki kitandani, na hakuita jina la mtu.

Miezi miwili baada ya mazishi, mchana, mama alipanda ngazi za chumba cha uhariri akitua kila baada ya hatua tano. Hakuwahi kufika pale. Alitazama mashine, waya, zulia lililobandikwa ukutani kuzuia sauti, akatafuta kiti akakaa, mkoba magotini.

"Niwekee," akasema.

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza naijua. Niwekee waliyoiona wale watu."

Mkasi akaitafuta, akaifungua. Baba akatokea kwenye kioo na sare ya lifti, akitazama vitufe. Akauliza, samahani, mwanangu, wewe ni nani vile. Mama hakulia. Alijisogeza karibu na kioo, miwani imeteremka puani, akatazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine, bila kupepesa. Ilipofika pale anapomuuliza mpelelezi kama mama yake anajua alipo, midomo ya mama ikacheza kidogo.

"Amemwona ni mtoto," akasema. "Alimwonea huruma."

"Ndiyo, mama."

"Na kile cha kutafuta mlango?"

"Mama, hicho usikitazame."

Mama aliushikilia mkoba wake kwa mikono miwili. "Wewe umekitazama mara ngapi, peke yako, humu ndani?"

Machozi yalikuwa yamekwisha kumfika Mkasi kidevuni na hakuwa na cha kuyafutia. Mama akakivuta kiti chake mpaka vigae vikalia, akakiweka sambamba na cha bintiye.

"Kiweke," akasema. "Tutazame wote."