Chaneli ya Nne

Bomu letu halikuwa la nyuklia. Zilikuwa tani mia sita za mbolea iliyochanganywa na mafuta, zimerundikwa katikati ya jangwa la New Mexico. Lilitosha kuigiza mtikisiko tuliotaka kuupima. Sanduku la zege lenye vyumba, lililojaa vipimo vyetu, lilifukiwa mita mia mbili kutoka hapo.

Nilikuwa kwenye chumba chake cha nyuma nikikaza kipimo kilicholegea. Mwenzangu Delbert Kuykendall aliinama mlangoni akauliza, "Tafoya, umeoa humo ndani?"

Nikamwambia atangulie, nitarudi na wafunga mfuniko wa sanduku. Nikampa kibati changu cha shaba anitundikie. Kila anayeingia uwanjani huchukua kibati chake kwenye ubao wa getini na kukirudisha akitoka, na hakuna mlipuko kabla ubao haujajaa. Kumtundikia mwenzako, kumwepusha na foleni, ni jambo tulilofanyiana siku zote.

Wafunga mfuniko waliuliza kwa redio kama watu wote wametoka. Wakajibiwa ubao umejaa. Nilipofika chini ya mfuniko, boliti ya mwisho ilikuwa imekazwa. Niligonga kwa spana hadi mkono ukafa ganzi. Lori lao lilikuwa limeondoka.

Saa yangu ilionyesha saa tatu na nusu. Mlipuko ulipangwa saa nne.

Kugonga kipimo kungeonekana kwenye karatasi za Ramona Archuleta, aliyefuatilia vipimo vyote kutoka chumba cha udhibiti, kama kelele za jenereta, na kelele huwa tunazipuuza. Lakini tulikuwa na sheria: chaneli tatu zikifa, yaani vipimo vitatu vikinyamaza, bado tunalipua; zikifa nne, tunasimama. Nilichomoa waya tatu za vipimo. Ya nne, ya mwisho iliyokuwamo, ilikuwa ya kipimo kilichozikwa ndani ya sakafu ya zege, ambacho kwa ajili yake sanduku zima lilijengwa. Haikuwa na plagi. Ikikatwa, haiungiki tena.

Niliikata kwa koleo. Kisha nikakaa gizani, bila njia ya kujua kama kuna aliyekuwa akitazama.

Saa nne kasoro dakika saba boliti zilianza kuzunguka.

"Tafoya," Delbert aliita. "Uko mzima, ndugu yangu?"

"Niko. Nani alisimamisha?"

"Ramona. Kasema tatu ni kawaida yetu. Ya nne, kutoka chumba kilekile ulichokuwamo, ikamfanya aulize nani kakuona wewe kwa macho ukitoka. Hakuna aliyekuona, nikakimbilia lori."

Ripoti niliiandika mwenyewe jioni hiyo: kipimo kilichopotea, mwaka mmoja wa kazi uliopotea nacho, na kwamba mkono uliotoa kibati ulikuwa wangu.