Mgeni Aliyelala Katikati

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba kitandani kwetu tumelala watatu.

Ukutani nimelala mimi, upande wa mlango amelala mke wangu Sikudhani, na katikati yupo bwana mmoja mnene mwenye koti jeusi na viatu miguuni, begi lake limekaa juu ya tumbo. Kifungo kimoja cha koti kinaning'inia kwa uzi. Anakizungusha kwa kidole, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Samahani," nikamwambia, "wewe ni nani?"

"Wasiwasi," akajibu. "Endeleeni tu, msinijali. Mimi naangalia."

Sikushangaa. Huyu bwana nilikuwa namfahamu.

Niseme mapema ili nieleweke: tangu Idi ndogo ipite, mwili wangu haunitii. Mara ya kwanza ulikuwa uchovu tu, nilikuwa nimepasua mbao kutwa nzima. Mara ya pili niliogopa isije ikawa kama ya kwanza, na ikawa. Baada ya hapo hata hamu yenyewe ikaanza kunikwepa kama paka aliyemwagiwa maji. Nikamwambia Sikudhani kwamba mgongo unauma, kisha nikawa namgeuzia huo huo mgongo unaouma. Yeye akawaza, akajumlisha, akapata jibu kwamba kuna mwanamke. Jana jioni alifunga begi. Asubuhi anakwenda kwa dada yake Kilosa, na hakusema atarudi lini.

"Nani alikukaribisha humu?" nikamuuliza mgeni.

"Nilipiga hodi, ukasema karibu. Nina shahidi."

"Ni kweli," kikasema kitanda.

Kitanda hicho nimekitengeneza kwa mikono yangu, mninga mtupu. Sikutegemea kingesimama upande wa pili.

"Mimi sina upande, fundi," kikasema. "Lakini hodi alipiga."

Nikavaa shati nikatafute dawa. Nafungua mlango wa chumba, natokea sokoni. Mgeni ananifuata, amenishika kiwiko. Kwenye nguzo ya umeme kuna kibao: NGUVU ZA KIUME ZINAPATIKANA HAPA. Na kweli zipo, zimepangwa chini ya nguzo ndani ya magunia, zinapumua. Muuzaji ni jogoo mwenye miwani.

"Karibu, baba. Nikupe za kusaga au za kukoboa?"

"Zina tofauti gani?"

"Za kukoboa hazina pumba. Ila pumba ndiyo yenye faida."

"Zimepimwa?"

"Na nani?" akauliza jogoo, kwa mshangao wa kweli.

Akanikorogea, nikanywa kikombe. Mgeni akanenepa. Nikanywa kingine. Mgeni akarefuka, koti likambana kwapani, akanishukuru kwa adabu.

"Mbona nakunywa mimi, ananenepa yeye?"

"Si anakula kwako?" akasema jogoo. "Ulitegemea ashibe kwa nani?"

Mtu akaja akalikunja soko kama mkeka, akalitia kwapani, akaondoka nalo. Tukajikuta tumekaa kwenye benchi la zahanati. Kipimo cha presha kikanizunguka mkono, kikanibana, kikafikiri.

"Imepanda kidogo," kikasema. "Hilo lina dawa, na presha yenyewe inaweza kuwa sababu mojawapo ya shida yako. Njoo siku ukiwa macho, upimwe na sukari. Sasa huyu aliyekukalia mapajani ni nani?"

"Mgeni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi ndogo."

"Na jembe hujampa?"

Benchi zima likageuka kunitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kama kwetu watu hawafundwi. "Mgeni siku mbili," akaanza, na wagonjwa wote, pamoja na mkasi uliokuwa kwenye sinia, wakamalizia: "Siku ya tatu mpe jembe!"

"Nilimwonea haya," nikasema.

"Tunaona," kikasema kipimo, kikaniachia mkono.

Natoka mlango wa zahanati, nakuta nipo uani kwetu, mchana kweupe. Jembe limeegemea ukuta. Nalivuta, haling'oki. Naliinua kwa mikono miwili kama ninavyoinua gogo, haling'oki.

"Unajichosha," likasema jembe. "Mimi ni wa mkeo, Mama Shani. Yeye ndiye mwenye matuta ya viazi. Wewe una randa yako. Nenda kamwombe."

"Akiniuliza la nini?"

"Utamjibu."

"Huwezi kunisaidia hata neno moja?"

"Mimi ni jembe," likasema jembe.

Sikudhani yuko jikoni, amekalia begi lake lililofungwa, anachambua mchele.

"Mama Shani, naomba jembe."

"Kumbe leo mwenye mgongo analima?"

"La kumpa mgeni."

"Mgeni gani?"

Nikafungua mdomo. Likatoka kwanza vumbi la mbao, la kujaza ungo mzima. Sikudhani akasogeza mchele wake pembeni, akangoja. Vumbi lilipokwisha, maneno yakatoka.

"Mwili wangu haunitii. Si kwamba sikutaki. Naogopa, na naona haya. Mgongo nilidanganya."

Alikuwa anamtazama yule bwana, ambaye sasa ameujaza mlango wote.

"Kumbe ni wewe! Siku zote hizi napigwa kiwiko usiku, nadhani mume wangu ananisukuma!"

"Samahani sana, shemeji."

"Shemeji wa wapi? Shika jembe."

Mgeni akatazama saa. "Nimekumbuka, nina msiba Dumila."

"Marehemu hana haraka. Shika."

Akashika. Akalima vibaya mno, tuta likapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Kila akiinama anapungua, mpaka likabaki koti tupu linalima lenyewe. Mwisho hata koti halikuwepo.

Nikaamka. Kumekucha. Sikudhani anajifunga mtandio, begi liko mlangoni.

"Mama Shani," nikasema, "kabla hujaondoka, naomba jembe."

"La nini?"

Safari hii vumbi halikutoka. Nilikaa vizuri nikamweleza yote, nikimtazama usoni, na maneno yalikuwa machache kuliko nilivyoogopa. Akasogea taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kitanda kilinyamaza.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Na mgongo?"

"Mzima."

Akanichapa kofi la mgongoni ahakikishe. "Mwanaume wewe! Nimekonda kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hakuzaliwa!" Kisha akashusha sauti. "Ungeniambia, baba. Mimi nilidhani nimekuchosha." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akaufungua kabisa, akautupa juu ya begi. "Kilosa haihami. Tukishakunywa chai twende zahanati, wote wawili."

Akatoka uani kuleta jembe. Nadhani alitaka tu kuona nitalifanyia nini. Alikawia huko.

Aliporudi, jembe lilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye mpini, na kiganjani alishika kifungo cheusi chenye kipande cha uzi.

"Baba Shani," akasema, "tangu tuoane hujawahi kuwa na koti. Sasa nani huyu aliyepindisha tuta langu?"