Bibi, Asubuhi na Jioni

Priska alikuwa mtu wa mipango. Nyumbani kwao Kibosho walilijua hilo tangu alipokuwa darasa la tatu, alipowapangia mbuzi zamu ya kunywa maji na kuwagombeza walioikiuka. Kwa hiyo alipofeli somo moja chuo cha uuguzi, yeye aliyezoea kushika namba moja, hakulia mbele ya watu. Alipanda mlima kurudi nyumbani na begi lake, akachukua kalenda ya mwaka uliopita, na nyuma yake, kwenye karatasi nyeupe, akachora ratiba kwa rula.

Mtihani wa marudio ulikuwa Jumatatu, wiki moja na siku chache mbele. Akifaulu, angeendelea na wenzake. Akifeli, angefungashiwa virago, na chuo hakimpokei mtu mara ya pili. Miaka ile wazazi walikuwa wameanza kuchangia gharama za masomo, bei ya kahawa imeporomoka, na baba yake yuko machimboni Mererani anatafuta mawe ya bahati ambayo hadi wakati huo hayakuwa yamemwona. Mama yake, Salvina, alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa ili binti aende chuo. Ng'ombe mwingine hakuwepo.

Ratiba yenyewe ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Alfajiri mwili wa binadamu, baadaye magonjwa, mchana dawa, jioni kurudia kwa sauti ule ukurasa uliomwangusha. Kuteka maji, kukata majani ya mbuzi na kupika vilibanwa pembeni kwa maandishi madogo. Akaibandika ukutani kwa uji mzito, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo akapumua vizuri.

Kesho yake zikaja habari kutoka Mkuu, Rombo, kwamba mjomba Basili, kaka yake Salvina, amefariki. Salvina hakuwa na budi kwenda huko kuzika na kukaa matanga hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Kabla ya kuondoka alimpeleka Priska chumbani kwa bibi Kornelia, mama mkwe wake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza na kumwachia mkono wa kushoto tu. Akamwelekeza mtori wa ndizi uwe laini kiasi gani, na matambara ya kumbadilishia yako wapi.

"Zaidi ya yote umgeuze," alisema. "Mimi kila nikiingia ndani namgeuza, hata kama nimeingia kufuata chumvi."

Priska akaitikia ndiyo mama, huku akili yake iko kwenye kurasa ambazo hajazigusa. Mama alipoishia migombani, alichukua kalamu akaongeza kwenye ratiba mstari mmoja, chini kabisa: Bibi, asubuhi na jioni.

Kusoma hakukwenda. Alichokikariri alfajiri kilikuwa kimeyeyuka kabla ya mchana, na kadiri alivyozidi kukimbizana nacho ndivyo kilivyozidi kumponyoka. Alijipiga makofi mashavuni. Alilia nyuma ya jiko, akanawa uso, akarudi mezani. Kila saa iliyopotea ilibidi ifidiwe, na ili ifidiwe ilibidi imegwe mahali, naye akagundua haraka kwamba pa kumega kirahisi ni kwenye ule mstari wa chini. Mbuzi asiponyweshwa hupiga kelele mpaka jirani asikie. Bibi hakupiga kelele.

Jioni alisomea chumbani kwa bibi, kwa sababu dirisha lake lilitazama magharibi na mwanga ulikawia humo. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani akiutamka ule ukurasa wake kwa Kiingereza, tena na tena. Bibi Kornelia alijua Kichagga, na Kiswahili cha rozari. Kiingereza hakujua hata neno, lakini alimfuata mjukuu wake kwa macho, mdomo ukitabasamu upande mmoja, na Priska, tusifiche, alipenda kutazamwa hivyo. Akimaliza humuuliza bibi kama yuko salama. Bibi hujibu kwamba yuko salama, asome. Naye hutoka mbio kama mtu aliyepewa ruhusa.

Alhamisi chumba kilianza kunuka. Priska akawalaumu mbuzi, akafungua dirisha. Tambara alilibadilisha kwa kumwinua bibi nusu tu, maana sura ya figo ilikuwa bado haijaisha na siku zilikuwa zimemfika shingoni.

Jumamosi aliamua kumwogesha vizuri, ili mama akirudi kesho baada ya misa amkute bibi anang'aa. Alichemsha maji, akaandaa sabuni na khanga safi. Akamshika bega na nyonga, akamlaza kwa ubavu.

Juu ya makalio, pale mfupa unapokaribia ngozi, nyama ilikuwa wazi, nyekundu, na katikati nyeusi.

Hakuhitaji kufungua kitabu. Alijua jina la kidonda kile, chanzo chake na hatua iliyofikia. Lilikuwa ndilo swali lililomfelisha. Ndio ukurasa aliousoma kwa sauti jioni zote hizo, hatua chache kutoka kitanda hiki.

Alitoka nje. Wazo lake la kwanza halikuwa bibi. Lilikuwa Jumatatu, na mama. Alifikiri aseme kidonda kilikuwepo tangu mwanzo. Alifikiri ashuke mjini leo leo, asirudi. Kisha akajiona amevaa kofia nyeupe ya muuguzi aliyoiota tangu utoto, akajichukia, akakaa chini kati ya migomba na kulia kwa kwikwi. Aliona wazi kwamba hata akifaulu hatakuwa amefaulu kitu.

Alipoinuka alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akachuma jani la isale. Kwao mkosaji hulibeba hilo anapokwenda kuomba msamaha, na aliyekosewa akilipokea, basi yamekwisha. Akarudi ndani, akakisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, mikono ikifanya kazi na macho hayaoni kwa machozi. Akazunguka kitanda, akapiga magoti, akamnyooshea bibi lile jani kwa mikono miwili.

"Umefanya nini?" bibi akauliza kwa Kichagga, ulimi mzito.

"Una kidonda mgongoni, bibi. Kibaya. Kwa nini hukuniambia panauma?"

"Ulikuwa unasoma."

Priska akainamisha kichwa. Bibi hakulipokea jani. Alikuwa akiwaza jambo.

"Yale ya jioni," akasema, "yale uliyokuwa ukiyarudia. Mimi niliyapenda. Yanasema nini?"

Hakuwahi kuyasema kwa lugha ya nyumbani. Aliyatafutia maneno, akayapata, na yalikuwa machache kuliko alivyodhani.

"Yanasema mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe, bibi. Kila baada ya saa mbili. La sivyo mwili wake utaoza angali hai."

Bibi Kornelia alilitazama lile jani. Kisha mkono wa kushoto ukatoka chini ya khanga, ukalichukua jani, ukaliweka kifuani.

"Basi nigeuze," akasema.