Profesa Msiguse

Wanafunzi walimbandika jina Profesa Msiguse, na hawakumsingizia. Kila mwaka aliwapeleka kwenye mtaa aliozaliwa, akawasimamisha mbele ya nyumba ya dada yake, akawaeleza habari za kuta, za madirisha, za vigae vya paa. Mkono wowote ulioinuka ulikemewa papo hapo: msiguse! Dada mtu, ndani, alikuwa akihamisha mabeseni kufuata matone.

Dada huyo ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Kitabu cha kwanza cha profesa kilizaliwa jikoni kwake, yeye akimenya viazi na kusimulia nani aliishi wapi, mdogo wake akiandika. Kitabu kikampa shahada, shahada ikampa cheo, cheo kikampa uenyekiti wa kamati ya majengo ya kale, nayo ikatangaza mtaa mzima kuwa urithi wa taifa. Siku hiyo dada alipiga vigelegele. Masikini, hakujua anashangilia nini.

Maana sheria ya kamati, aliyoitunga profesa mwenyewe, ilikataza paa kutengenezwa ila kwa vigae vya udongo kama vile vya awali. Kiwanda cha vigae hivyo kilishafungwa zamani, na aliyeandika historia ya kufungwa kwake ni profesa huyohuyo.

Dada akampigia simu. "Mdogo wangu, boriti zimeoza. Fundi yuko tayari kuniwekea mabati."

"Mabati? Dada, unataka kuniaibisha?"

"Nataka kulala pakavu."

"Nikikuruhusu wewe, kesho mtaa mzima utang'aa kama sufuria. Vumilia kidogo, kuna wafadhili naongea nao."

Dada akakata shauri, akamwita fundi kimyakimya. Profesa akapata habari, akaja na askari wa jiji. Mabati yakapakiwa kwenye gari, fundi akaondoka akitukana. Gazeti likamsifu profesa kwamba hapendelei hata ndugu, naye akaikata habari ile akaibandika ukutani ofisini.

Mvua zikaja, zikanyesha bila kupumua. Asubuhi moja paa lote likaporomoka, dada yumo ndani. Profesa alifika mbio, viatu havifanani, analia. Kilio kile kilikuwa cha kweli, alimpenda dada yake. Zimamoto walikuwa wameshainua shoka mbele ya mlango wa kuchonga, ule uliopamba jalada la kitabu chake. Neno likamponyoka.

"Msiguse! Mlango huo hauna mwenzake! Pitieni nyuma!"

Nao, kwa kuwa walimjua ni mkubwa wa kamati, wakatii. Nyuma kulikuwa na kifusi kitupu. Wakachimba mpaka mchana. Walipomfikia, mguu uliolaliwa na boriti ulikuwa umeshakufa, na hospitalini daktari akaukata.

Dada alipozinduka, profesa alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono.

"Nilisikia sauti yako nje," dada akasema. "Nikajua nimepona."

"Dada, nisamehe..."

"Mlango je? Umepona?"

Profesa akainamisha kichwa. "Umepona."

"Basi kakae nao."

Akauchomoa mkono wake, akageukia ukutani.