Kofia ya Tangi

Mzee Posta alipiga kiki ya kumi na moja, skuta ikakohoa mara moja ikanyamaza. Ya kumi na mbili goti likakataa. Akakaa juu ya kiti, akalishika goti kwa mikono miwili, akaanza kuitukana skuta kwa sauti ya chini. Kisha akaitukana kwa sauti ya juu, mpaka jirani wa pili akafunga dirisha lake.

"Mimi mkeo nakusikia," mkewe alimwambia kutoka ndani, mguu wake ukiwa juu ya pedeli ya cherehani. "Na wateja wangu nao wanakusikia."

"Siongei na wewe, mama watoto. Naongea na chombo."

"Basi ongea nacho vizuri, mkaagane. Kesho Jumamosi muuza mayai anakuja kukitazama. Akikipenda, anaondoka nacho. Tulikubaliana."

Ni kweli walikubaliana. Lakini mtu anaweza kukubali jambo Jumapili ameshiba, ikafika Ijumaa likamkaba koo.

Mzee Posta alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini. Kazi ilipomwachia pensheni ikamwachia na goti bovu. Kaka yake mkubwa alikaa ng'ambo ya kilima, na macho yake yalikuwa yamezima kabisa. Kila wiki Mzee Posta alikuwa akienda kumsomea magazeti, kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya viwanja. Goti lilipokataa kilima, ndipo akanunua hiyo skuta kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Wiki ya kwanza iliwaka kama jiko la gesi. Baada ya hapo ikaanza visa: leo inagoma asubuhi, kesho inazimika njiani, naye anairudisha kwa kusukuma. Usiku mkewe ndiye anayekanda goti. Ndiyo maana aliitaka iondoke, si kwa roho mbaya.

Wiki ya tatu sasa hajafika kwa kaka. Kaka alikuwa ametuma salamu: "Mwambieni mdogo wangu, kama amekufa nielezwe nilie, na kama yu hai aniletee magazeti."

Si kwamba hakuhangaika. Jumatatu alimwita fundi baiskeli, ambaye alisema pikipiki ni baiskeli tu iliyopata kiburi. Fundi akachomoa plagi, akaigeuza juani.

"Umeiona? Nyeusi kama sufuria ya shule! Hii itatoa cheche saa ngapi?"

Akaisugua kwa msasa, akairudisha, akainua kiti akafungua tangi kuona kama mafuta yamo, akafunga, akapiga kiki. Vruum! Fundi akajifuta mikono kama daktari. Jumanne asubuhi, kimya. Jumatano akarudi, akafungua kabureta, akaipuliza mpaka mashavu yakavimba, akachungulia tangi, akapiga kiki. Vruum!

"Nilikwambia ni kabureta," fundi alisema.

"Uliniambia ni plagi."

"Plagi ilikuwa inaificha kabureta, mzee wangu. Hivi vitu vinafichana."

Alhamisi ilizimika mbele ya lango la shule, wanafunzi wakiwa wametoka wote. Mzee Posta akafungua tangi mwenyewe kutazama mafuta, na kwa aibu aliyokuwa nayo akaitukana matusi ambayo hakuyatumia tangu alipoumwa na mbwa wa mkuu wa posta. Ikawaka palepale! Basi akajua: chombo hiki kinataka kukaripiwa. Ndiyo yale ya Ijumaa ambayo jirani aliyafungia dirisha.

Jumamosi muuza mayai akafika, kijana mrefu mwenye haraka, na trei mbili tupu mkononi za kupimia.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mke wa Mzee Posta aliitikia haraka, akasogeza kiti chake hadi mlangoni ili aone biashara ikiisha. Mzee Posta aliitikia kama anayetapika mwiba.

Muuza mayai akapanga trei nyuma, akapima kwa viganja. Akainua kiti. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha tangi, kimevishwa kofia ya kitambaa. Akaivua ile kofia, akazungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi: fyuuuu.

"Mafuta tele," akasema. Akafunga kifuniko, kofia akaiacha pembeni, akakaa, akapiga kiki moja. Vruum!

Kiki moja! Mzee Posta aliona dunia imemsaliti. Wiki nzima amebembeleza, amekaripia, halafu mtu wa mayai anakuja na kiatu chake cha plastiki, kiki moja tu.

"Hee!" mkewe akasema. "Si ilikuwa mbovu?"

Lakini Mzee Posta alikuwa bado anaisikia ile fyuuuu. Jumatatu fundi alifungua tangi, ikawaka. Jumatano, tangi, ikawaka. Kwenye lango la shule, tangi. Matusi hayakuwa na kazi yoyote, na plagi haikumficha mtu. Chombo kilikuwa kinabanwa pumzi! Kifuniko kina kijitundu cha kuingiza hewa, hewa isipoingia mafuta hayashuki. Na hicho kijitundu kilikuwa kimezibwa na kofia.

Kofia nayo ina habari yake. Skuta ililala chumba cha cherehani kwa kuogopa wezi, na mwisho wa ile wiki ya kwanza mteja mmoja alirudisha gauni akisema linanuka kituo cha mafuta. Mke wa Mzee Posta hakugomba. Alikata koti la mvua akalikunja mara mbili, akaweka kati duara la mpira wa kandambili, akazungushia lastiki, akalivisha tangi. Harufu ikaisha siku ileile. Alikuwa fundi hasa. Alichokiziba yeye, hata maji yangegonga yakarudi.

Mzee Posta alimtazama mkewe, akamtazama kijana. Kijana aliposhuka, akainua kiti polepole, akaivisha ile kofia mahali pake, akavuta lastiki pande zote, ulimi umemtoka kidogo.

"Haina kasoro, mzee?" kijana aliuliza.

"Izungushe mwenyewe, mwanangu. Nenda mbali mbali, uionje."

Kijana akaondoka kwa mbwembwe. Mzee Posta akakaa kwenye ngazi, akasubiri. Kijana alirudi baada ya nusu saa akisukuma, shati limegandana na mgongo.

"Mzee," akasema akihema, "hii kitu kauze kwa wanaonunua vyuma." Akachukua trei zake akaenda.

Mkewe alingoja kijana apinde kona. "Baba watoto. Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

Mzee Posta hakuwahi kumficha kitu huyu mwanamke kwa zaidi ya saa moja. Akamweleza yote: tundu, hewa, kofia. Mkewe akaichukua kofia, akaigeuza ndani nje.

"Kwa hiyo wiki tatu ni mimi."

"Si wewe. Ni mshono wako. Umezidi uzuri."

"Usinipake mafuta. Nimekukanda goti usiku wote huo kwa kosa langu mwenyewe?" Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, ikashindikana. Alipopata pumzi akasema, "Siitupi. Harufu itarudi kwenye nguo."

Akavaa miwani. Akatoboa kofia katikati, tundu dogo kama la kifungo cha shati la kitoto kichanga, akalizungushia uzi kwa mkono, mshono mmoja mmoja, lisichanike. Kisha akaenda kuivisha mwenyewe.

"Piga."

Ya kwanza ikakohoa. Ya pili, vruum. Wakaiacha ingurume mpaka chai ikaiva, wakainywa wamesimama, ikawa bado inanguruma.

"Muuza mayai asirudi tena hapa," mkewe akasema. "Nenda kwa kaka yako. Lakini ukimkuta yule kijana njiani, umwombe radhi. Umemchosha bure."

Mzee Posta akayafunga magazeti ya wiki tatu kwenye kiti cha nyuma cha skuta, akaondoka. Alimkuta mwanzo wa kilima, kichwani trei nne zilizojaa, anapanda kwa miguu. Kijana aliisikia skuta, akageuka, akabaki mdomo wazi.

Angeweza kupita. Alisimama.

"Panda, mwanangu. Kalia magazeti, na mayai uyashike vizuri."

Kilima kizima akamweleza, kofia na fyuuuu na kila kitu, na radhi akaiomba mara mbili. Kijana alisikiliza akiwa amekumbatia trei. Walipokaribia kileleni akasogeza mdomo sikioni mwa mzee.

"Kwa hiyo ni nzima kabisa?"

"Kabisa."

"Basi niuzie, mzee wangu."

"Eti?"

"Nasema niuzie!"

"Injini, mwanangu!" Mzee Posta akapiga kelele, akaongeza moto. "Sisikii kitu!"