Mume wa Mtu, Bweni la Wanawake

Sheria mpya ilipoletwa gerezani kwetu, niliisoma nikacheka. Kila mfungwa, mkubwa kwa mdogo, alazwe upande wa jinsia aliyozaliwa nayo. Nikasema, kwani siku zote tulikuwa tunafanya nini hapa? Wiki hiyohiyo akaletwa Fundi.

Fundi ni mchomeleaji wa mageti. Ana ndevu, ana kifua, na sauti yake unaisikia ukiwa ng'ambo ya barabara. Alifungwa mwaka mmoja kwa kununua vyuma vya wizi. Alizaliwa msichana, na mahakamani hakuficha, yeye mwenyewe alimwambia hakimu. Lakini tangu ujanani ameishi kama mwanamume, ameoa, na mtaani kwao hakuna anayemjua vingine. Sheria haikutaka hadithi ndefu. Akaletwa kwangu mimi, mkuu wa bweni la wanawake.

Mwanzoni wanawake walipiga mayowe, we! Kesho yake wakaanza kumuuliza maswali ambayo hata mimi niliona haya kuyasikia. Baada ya hapo wakamzoea. Bibi mmoja mzee anayelala karibu na mlango akawa anamwita mwanangu, nami nikashusha pumzi.

Ndipo akaja mkewe. Mwanamke mdogo wa umbo, kajipamba, kafura kwa hasira.

"Afande, mume wangu analala na wanawake!"

"Analala walipo wanawake, dada. Si kitu kimoja hicho."

"Kwangu mimi ni kilekile!"

"Haya, kuna upande wa wanaume. Nimpeleke huko?"

Akatikisa kichwa. Alijua vizuri mumewe angefanywa nini huko, na hilo hakulitaka hata kidogo.

"Basi mtengeni," akasema. "Si mna vyumba vya mtu mmoja?"

Tunavyo, na mfungwa akiomba mwenyewe anaruhusiwa kutengwa. Lakini mwaka mzima peke yako, jua unaliona saa moja tu kwa siku, chakula unapitishiwa kwenye tundu la mlango! Nikamweleza yote hayo. Akaniangalia toka kofia hadi viatu.

"Mbona unamtetea sana? Na wewe pia unamtaka?"

Jamani! Mimi, bibi mwenye wajukuu! Nikaagiza Fundi aletwe chumba cha wageni. Nilikuwa na hakika atakataa, na mambo yataishia hapo.

Fundi alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Nikitengwa, wewe utapata usingizi?" akamuuliza.

"Nitapata."

"Basi, Afande, naomba nitengwe."

Hivyo tu! Nilitamani kumzaba kofi. Akainuka papo hapo, hata hakuuliza chumba chenyewe kikoje.

Hasira zikanipanda hadi utosini. Nikamrudisha Fundi bwenini akakunje blanketi lake, kisha nikamshika mkewe mkono. "Twende ukaone chumba ulichomchagulia." Kanuni zinakataza kumpeleka mgeni huko ndani, lakini siku hiyo nani alikuwa na habari na kanuni?

Chumba chenyewe kina kitanda cha saruji, ndoo, na kidirisha cha juu ambacho hata ukisimama kitandani hukifikii. "Ingia," nikamwambia. Akaingia na mkoba wake begani. Nikafunga mlango, nikasimama nje.

"Haya, nimeona," akasema.

Sikujibu.

"Afande? Nimeshaona!"

Akaanza kugonga, kwanza kwa vidole, halafu kwa viganja vyote viwili. Na alipoanza kuita, hakuniita mimi. Alimwita mumewe.

Nikafungua haraka, roho inaniuma. Alikuwa analia, wanja umemshuka mpaka mashavuni.

"Asije humu," akasema. "Nakuomba, Afande, asije humu kabisa. Abaki nao." Akapenga kamasi, akaliweka sawa gauni lake, na wivu wake ukamrudia palepale. "Lakini waambie ana mke."

Nikamfikisha getini, nikarudi bwenini. Nilimkuta Fundi amesimama na blanketi kwapani, wanawake wamemzunguka, nyuso zimewashuka kama za watu walio msibani.

"Weka hilo blanketi chini, hutengwi," nikasema. "Na nyinyi wengine, nimetumwa. Mkewe anasema mjue kwamba huyu ana mke."

Bweni zima likaangua kicheko. Fundi akajiinamia kwa aibu.

"Ana mke?" akasema yule bibi mzee. "Afande, sisi huyo mke tunamjua kuliko tunavyowajua mama zetu! Tunajua anavyokoroma, tunajua anavyonuna, tunajua hadi namba ya viatu vyake. Taa zikizimwa tu, huyu anaanza, mke wangu hivi, mke wangu vile. Mwambie huyo mwanamke aje tumwone basi, tumechoka kusimuliwa!"

Nikageuka mbio kurudi getini, asije akaondoka hajalisikia hilo.